KUSADIKIKA KATIKA SINEMA: NCHI YA ANGANI NA MLIMA WA MERU

Hadithi za Kiswahili zinazosimulia nchi isiyopatikana katika ramani si nyingi, na katika hizo chache ni shida kupata iliyosomwa na watu wengi kama Kusadikika, nchi iliyo angani, ya marehemu Shaaban Robert, iliyopigwa chapa mwaka 1951. Vizazi kadhaa vya wanafunzi vimeijua hadithi hiyo darasani kabla ya kujua jambo kubwa juu ya serikali au sheria. Kwa kuwa siku hizi hadithi za namna hiyo zilizoandikwa Ulaya hugeuzwa filamu moja baada ya nyingine, si ajabu ikiulizwa kama na hii yaweza kugeuzwa hivyo. Na kwa kuwa filamu haina budi kupigwa mahali fulani, si ajabu vile vile macho yakielekea Arusha, ambako kilele cha Meru huonekana asubuhi nyingi juu ya mawingu kana kwamba mlima hauna shina. Maswali haya mawili, la hadithi na la mahali, ni rahisi kujibiwa pamoja na kwa haraka. Yafaa yatenganishwe.

Kwanza jina. Kusadikika ni kitenzi kilichofanywa jina, nacho kimo katika kauli ya kutendeka. Si nchi iliyosadikiwa na mtu, wala nchi inayosadiki, bali ni nchi iwezayo kusadikiwa. Kufikirika, hadithi nyingine ya mwandishi huyo huyo, iliyotolewa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake, imejengwa kwa kauli ile ile. Hili si pambo. Mwandishi akichagua kitenzi kuwa jina la nchi, tena kitenzi kisichotaja mtendaji, amemwambia msomaji tangu jalada kwamba nchi hiyo haina udongo ila ule utakaotolewa na akili yake asomaye. Sasa picha ya sinema haina kauli ya kutendeka. Picha yajua kusema neno moja tu, nalo ni kwamba kitu kipo. Mlima ukionyeshwa, upo. Mfalme akionyeshwa, ana pua, ana umri, ana kilemba cha rangi fulani, na mtazamaji hana tena haja ya kumsadiki kwa kuwa amekwisha kumwona. Kitabu chamwachia msomaji kazi; picha yamfanyia kazi hiyo na kumwacha mikono mitupu.

La pili ni majina ya watu, na hapa sarufi ya Kiswahili yafanya jambo ambalo wafasiri na waongozaji wa filamu hawana budi kulitazama kwa makini. Mshitaki katika hadithi ni Waziri Majivuno. Neno majivuno, likisemwa sokoni, huchukua upatanisho wa ma- na ya-: majivuno yake yamezidi. Katika Kusadikika neno hilo hilo huchukua upatanisho wa mtu: Majivuno alisimama, Majivuno alisema. Kila mara kitenzi kinapotamkwa, sifa mbaya yavishwa mwili upya mbele ya macho ya msomaji, na kila mara msomaji, pasipo kujua, husikia upatanisho mmoja na kukumbuka ule mwingine. Karama naye ni hivyo hivyo. Karama ni kitu cha kupewa, tunu itokayo kwa Mungu. Lakini hapa karama ashitakiwa, karama ajitetea. Mchezo huu wa viambishi hauchoshi kwa sababu hauonekani. Katika sinema mchezaji atavikwa joho, ataitwa Majivuno mara moja au mbili, na baada ya dakika kumi mtazamaji ataona mzee mkali mwenye joho. Sifa itakuwa imemezwa na mtu. Hilo ndilo tatizo kubwa la kugeuza hadithi za mafumbo, na halitatuliwi kwa fedha wala kwa mitambo.

Walakini hadithi yenyewe, ikitazamwa kwa umbo lake, yaonekana kana kwamba iliandikwa kwa kutazamia mfululizo. Karama ashitakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria katika nchi ambayo wakubwa wake hawataki sheria ijulikane. Apewa nafasi ya kujitetea, naye hajitetei kwa kukana. Atumia zamu zake kusimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa zamani pande zote nne za dunia, kisha mbinguni na ardhini, wakaleta habari za kuifaa nchi, wakalipwa adhabu badala ya shukrani. Kwa hiyo kuna hadithi moja ya nje, nayo ni ya baraza la mfalme, na hadithi sita za ndani. Kisa kimoja kikiisha, msikilizaji arudishwa barazani, na shingo ya Karama bado i hatarini. Wenye kujua Alfu Lela Ulela wataitambua njia hii, na Shaaban Robert aliijua vema. Adili na Nduguze ya mwaka 1952 yashuhudia hivyo, pamoja na majini yake na ndugu waliogeuzwa manyani.

Ulinganisho na kazi ya J. R. R. Tolkien waweza kufaa hapa, kwa kuwa ndiyo mfano ulio mkubwa kuliko yote katika miaka ya karibu. Hadithi yake ndefu, The Lord of the Rings, iliyotolewa katika juzuu tatu mwaka 1954 na 1955, iligeuzwa filamu tatu, zikaonyeshwa mwaka 2001, 2002 na 2003 chini ya uongozi wa Peter Jackson. Juzuu tatu, filamu tatu: kipimo kilikuwa cha haki. Lakini The Hobbit ya mwaka 1937, kitabu kidogo cha watoto kisichofika hata juzuu moja ya kile kingine kwa uzito, nacho kikanyoshwa kuwa filamu tatu, za mwaka 2012, 2013 na 2014. Safari ya mtu mdogo aliyetoka nyumbani kwake na kurudi ikajazwa vita, wachumba na maadui ambao mwandishi hakuwaandika mle. Waliozitazama filamu zile kwa masikitiko hawakusikitikia tofauti na kitabu, maana tofauti haina budi kuwako. Walisikitikia kwamba kitu chepesi kilitwikwa mzigo wa kitu kizito.

Kusadikika ni kitabu kidogo kuliko The Hobbit. Ni kitabu cha kusomwa kwa siku moja na mtu asiye na kazi nyingine. Lakini mgawanyiko wake wa sita hautokani na tamaa ya mfanya biashara. Umo ndani yake. Hivyo hatari yake si ya kunyoshwa tu, bali ni ya kunyoshwa mahali pasipofaa. Mwongozaji atakayeingia humo na fikira za siku hizi ataona safari sita, na atafurahi, kwa kuwa safari ndiyo chakula cha filamu za namna hii: bahari, jangwa, mnyama wa ajabu, mlango wa mbinguni. Maajabu ya njiani yamo kitabuni, hakuna ubishi. Lakini uzito wa kila kisa hauko njiani. Uko katika yale aliyoyaleta mjumbe, na katika namna alivyopokelewa. Mtu aliyetumwa na nchi yake, akavumilia taabu, akarudi na dawa, akafungwa: hiyo ndiyo sehemu inayorudiwa mara sita, na kurudiwa kwake ndiko kunakotia uchungu. Filamu itakayotumia saa moja njiani na dakika tano gerezani itakuwa imegeuza kitabu juu chini, hata kama haikubadili neno moja la maneno yake.

Tena kuna suala la wakati. Baina ya filamu moja ya Tolkien na nyingine mtazamaji alingoja mwaka mzima. Katika Kusadikika kusikilizwa kwa Karama hakupishani na siku ya hukumu kwa miaka. Watu wa baraza hulala na kuamka, kisha hurudi. Kwa sababu hiyo, mfululizo wa jioni sita zinazofuatana katika televisheni ungekuwa karibu zaidi na kitabu kuliko filamu sita za majumba makubwa. Huenda ushauri huu ukaonekana wa kimaskini. Si hivyo. Wasikilizaji wa Kiswahili wana mazoea ya zamani sana ya kuketi jioni baada ya jioni kufuata kisa kimoja, kwanza kwa mdomo wa bibi, baadaye kwa redio, na hawajapata kulalamika kwamba kisa hakina mnyama wa ajabu wa kutosha.

Mifano ya karibu zaidi na nyumbani yaonya kwa namna nyingine. Hadithi ya King Solomon's Mines ya H. Rider Haggard, iliyotolewa mwaka 1885, ilifasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika ya Mashariki, na tafsiri yake ilikuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya hadithi ndefu kusomwa katika Kiswahili sanifu. Mawazo ya Haggard juu ya Waafrika ni ya zama zake, wala hayahitaji kutetewa. Lakini tafsiri ilifanya jambo ambalo huenda hata mfasiri hakulikusudia: katika kitabu cha Kiswahili Mzungu na Mwafrika wote wasema Kiswahili kimoja chenye sarufi moja. Umbopa, aliye mfalme aliyejificha katika nguo za mtumishi, asema kama mfalme tangu ukurasa wa kwanza anapotokea, na msomaji wa Tanga au Mombasa hasikii tofauti ya daraja baina ya ulimi wake na ulimi wa bwana zake.

Hadithi hiyo imegeuzwa filamu mara nyingi. Ile ya mwaka 1937 ilimpa Paul Robeson nafasi ya Umbopa. Ile ya mwaka 1950, iliyopigwa katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo ya Wabelgiji, ilisifiwa kwa picha zake na kupata tuzo kwa ajili hiyo. Ile ya mwaka 1985 ilipigwa Zimbabwe. Katika zote tatu aliingizwa mwanamke wa Kizungu asiyekuwamo katika safari ya kitabu, kwa sababu watengenezaji walidhani kwamba watazamaji hawatakaa bila yeye. Katika ile ya mwaka 1950 yeye ndiye mwenye safari: yule ndugu anayetafutwa kitabuni amekuwa mume anayetafutwa na mkewe, na habari za ufalme ulionyang'anywa zimesogezwa pembeni. Hapa kamera ilipata nchi na kupoteza kisa. Yaweza kusemwa kwamba kadiri nchi ilivyopigwa picha kwa ufundi, ndivyo wenyeji wake walivyozidi kuwa sehemu ya mandhari.

Mfano ulio mwema ni Vuta N'kuvute. Riwaya hii ya Adam Shafi ya mwaka 1999 iligeuzwa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, nayo ikaonyeshwa katika maonyesho makubwa ya nchi za nje kwa Kiswahili chake yenyewe. Riwaya ni pana, ina watu wengi; filamu ilichagua Yasmini na Denge na kuwaacha wengine wengi nyuma. Wako waliouona uchaguzi huo kuwa hasara. Lakini waliochagua walijua walichokuwa wakikitafuta, na lugha haikuwa nguo ya kuazima. Kwa wanaotaka kuigusa Kusadikika hapo pana somo la kutosha, ingawa Vuta N'kuvute ni hadithi ya Unguja yenye mitaa na miaka inayojulikana, na kazi yake ilikuwa nyepesi kwa upande huo: Mji Mkongwe upo, hauna haja ya kusadikika.

Basi na mlima. Wanaopendekeza Meru kuwa nchi ya Kusadikika wana hoja zisizodharauliwa. Mlima huo, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,560, ulibomoka upande wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita, ukaacha ukuta wa mwamba uliosimama wima juu ya bonde, na ndani ya bonde ikaota koni ya majivu. Mlipuko wake wa mwisho ni wa mwaka 1910. Chini yake, upande huo huo wa mashariki, yako maziwa ya Momella, mengine yakiwa na rangi yake peke yake. Msitu wake huvaa ukungu. Miti hutundikwa ndevu za kijani kibichi. Na mtu aliyepanda hadi penye kibanda cha pili, mita 3,570 juu ya bahari, akiamka mapema, huona mawingu yamelala chini yake kama bahari, na Kilimanjaro kimesimama ng'ambo kama kisiwa. Nchi ya angani haihitaji kutengenezwa kwa mitambo. Imekwisha kutengenezwa.

Wala haitakuwa mara ya kwanza kwa kamera kufika huko. Mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961 Howard Hawks alipiga filamu katika sehemu hizo, iliyotolewa mwaka 1962 kwa jina la Hatari!, John Wayne akiwa mchezaji wake mkuu. Ni filamu ya watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za Ulaya na Marekani. Mashamba ya Momella yaonekana, mlima waonekana, na barabara za Arusha zaonekana zikipitwa na ndovu wadogo. Filamu ina furaha yake, na wanyama wale walikamatwa kweli. Mmoja wa wachezaji wake, Hardy Krüger, aliipenda Momella hata akanunua shamba huko. Jina la filamu ni neno la Kiswahili, nalo lilizunguka dunia nzima. Ni nadra neno moja la lugha hii kupata safari ya namna hiyo. Lakini neno likatoka peke yake. Katika kisa chote hakuna mwenyeji aliyepewa nafasi ya kusema jambo ambalo kisa kisingeweza kwenda bila hilo. Wale watu wa nchi ni madereva, ni wapishi, ni wakimbizaji wa wanyama. Meru ni pazia lililochorwa vizuri nyuma ya wageni wanaocheza.

Hapa ndipo shauri la mahali lilipo gumu. Upande wa kaskazini wa Momella, si mbali, iko Ngare Nanyuki. Mwezi wa Novemba mwaka 1951, katika mwaka ule ule ambao Kusadikika ilipigwa chapa, serikali ya Tanganyika iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi ya Ngare Nanyuki, kiasi cha watu 3,000, ili mashamba yao yawe ya ufugaji wa walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakujibu kwa silaha. Walichanga fedha, wakachagua mjumbe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, pamoja na wakili Earle Seaton, alisafiri hadi New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na baraza la udhamini lilikuwa na haki ya kusikia malalamiko. Alisikilizwa. Nchi nyingi zilikubali kwamba wamedhulumiwa. Lakini katika Mkutano Mkuu azimio la kuwarudishia ardhi yao halikupata theluthi mbili zilizotakiwa, na Kirilo akarudi mikono mitupu.

Shaaban Robert hakuandika habari za Wameru. Asingeweza, maana kitabu kilikuwa kimekwisha kuandikwa. Hakuna haja ya kutafuta uhusiano ambao haukuwako. Lakini msomaji aliyezijua habari hizi hawezi kumwona mjumbe wa Kusadikika akitumwa mbali kutafuta haki bila kumkumbuka mjumbe wa Ngare Nanyuki, na hawezi kupuuza kwamba kijana mmoja wa mlima ule alifanya kwa meli na ndege jambo ambalo kitabu kilidai kwamba hufikirika tu. Hata wale wasiopenda mafumbo watakubali kwamba mwaka 1951 hakukuwa na mahali pengi katika Tanganyika palipofanana na Kusadikika kama palipofanana Ngare Nanyuki.

Kwa hiyo atakayeupanda mlima na kamera yake ili apate mawingu, kisha ashuke akiwa na mawingu tu, atakuwa ameifanyia Meru jambo ambalo Hatari! ililifanya, na kwa udhuru mdogo zaidi. Hawks hakudai kusimulia habari ya haki na dhuluma. Kusadikika yadai hivyo katika kila ukurasa. Huwezi kuchukua kitabu kinachosema juu ya watu wasiosikilizwa, ukakiweka mahali ambapo watu kweli hawakusikilizwa, halafu ukawatumia wenyeji wa mahali hapo kama watembezi wa nyuma wenye mikuki. Huko New Zealand, baada ya filamu za Tolkien, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya picha kimekuwa mahali pa watalii, na hakuna aliyedhulumika kwa hilo, kwa kuwa watu wa Tolkien hawakupata kuishi hapo. Arusha ni mji wa watalii tayari. Mwaka 2022 filamu ya The Royal Tour, ambayo Rais alionekana akimtembeza mgeni nchini, ilizinduliwa mjini humo pia. Tamaa ya kuuza tiketi ya kwenda kutazama kiti cha mfalme wa Kusadikika juu ya Meru itakuwa kubwa. Hata njia ya kumfikisha mtalii hapo yapatikana bila shida.

Ajabu ni kwamba Arusha ina jambo jingine la kuipa filamu hii, lililo bora kuliko mlima, nalo halitajwi. Arusha ni mji wa mahakama. Kuanzia mwaka 1995 hadi 2015 ilikaa hapo mahakama ya kimataifa iliyohukumu mauaji ya halaiki ya Rwanda. Ipo hapo Mahakama ya Haki ya Afrika ya Mashariki. Tangu mwaka 2007 ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Kwa miaka mingi watu wa mji huo wameona magari ya majaji yakipita, wamewapangisha nyumba mawakili, wamewauzia chai wakalimani. Vijana waliozaliwa Ngarenaro au Sakina wamekua wakijua kwamba ndani ya majengo fulani mtu mmoja husimama na kusema, na wengine husikiliza kwa vifaa vya masikioni maneno yake yakija katika lugha nyingine. Hadithi ya Karama ni hadithi ya mtu anayesimama na kusema. Mwongozaji mwenye akili angeweza kuliacha wingu na kuingia katika chumba cha namna hiyo. Mfalme asingehitaji kilemba. Majivuno asingehitaji joho la dhahabu. Koti jeusi la wakili lingemtosha, na watazamaji wengi zaidi wangemtambua.

Hilo laturudisha kwenye lugha, ambako jambo hili lilianzia. Hotuba za Karama ni ndefu. Sentensi zake hupanda kwa vitulizo, hulinganisha neno kwa neno, hungoja, ndipo hushuka. Mwandishi wa mchezo wa filamu atashauriwa azikate, na kwa desturi ya sinema ushauri huo ni wa haki: uso mmoja ukisema dakika saba huchosha. Lakini kuna njia mbili za kukata. Njia ya kwanza ni kuondoa sentensi na kubakiza maana, na hapo Karama atasema kama mtangazaji wa habari. Njia ya pili ni kubakiza sentensi chache zikiwa nzima, pamoja na mwendo wake, na kuacha nyingine zote zisemwe na nyuso za wanaosikiliza. Mfalme kwa sehemu kubwa ya kesi anasikiliza tu. Mchezaji bora apewe nafasi hiyo, wala si ya Karama. Maana kinachobadilika siku hadi siku katika kitabu hiki si mshitakiwa, ni mwenye kuhukumu.

Kuhusu viambishi vya Majivuno, labda upo msaada mdogo. Mtangaza baraza, anayemwita kila mmoja asimame, aweza kupewa sauti itakayosikika pasipo yeye kuonekana, na kila asubuhi ya kesi ayatamke majina yote kwa upatanisho wake: Majivuno amefika, Karama amefika. Mara sita. Huenda mtazamaji wa jioni ya kwanza asisikie cho chote. Wa jioni ya nne atasikia.

Na ziko safari sita ambazo kila mtu atataka kuziona. Zisionyeshwe. Karama azisimulie akiwa mahali pake, na kamera isitoke chumbani, hata mbinguni pasionekane isipokuwa katika macho ya wanaosikia. Hapo kauli ya kutendeka, ambayo picha haina, itakuwa imepewa mahali pa kukaa: nchi zile zitabaki za kusadikika. Mwishoni, mfalme anapotoa hukumu na milango ya gereza kufunguliwa kwa wajumbe wenyewe, kamera itoke nje kwa mara ya kwanza. Hapo, ikiwa lazima Meru uonekane, uonekane nyuma ya watu hao kwa muda wanaouhitaji kuzoea mwanga, na iwe asubuhi isiyo na wingu.